Barabara ya udongo haina likizo

KWA mkulima wa viazi mviringo mkoani Njombe, mwezi Machi ni mwezi wa fedha na wa hofu kwa wakati mmoja. Viazi vilivyopandwa Novemba na Desemba vimekomaa, wanunuzi wa Makambako, Iringa na Dar es Salaam wanapiga simu, lakini mvua nayo imepamba moto. Kati ya shamba na lami kuna kilomita kadhaa za barabara ya udongo mwekundu, na kilomita hizo ndizo zinazoamua kama msimu utakuwa wa faida au wa hasara.

Mahindi yakikauka yanaweza kusubiri ghalani hadi Agosti, lakini kiazi hakina subira hiyo. Kikiachwa kwenye udongo uliolowa huoza, na kikirundikwa kando ya barabara chini ya turubai kikisubiri lori lililokwama, huanza kuharibika. Majani mabichi ya chai ya Lupembe yana haraka zaidi: yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyo hiyo yaliyochumwa, tena ndani ya saa chache, la sivyo ubora hushuka na bei hushuka nayo.

Ndiyo maana wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanapozungumzia barabara, mara nyingi hawazungumzii lami. Wanazungumzia mtaro ulioziba, kalavati lililojaa mchanga, na kona moja ya mlimani ambayo kila mwaka lori hulala hapo. Mambo hayo hayahitaji mabilioni ya fedha. Yanahitaji watu wachache wenye majembe, makoleo na toroli, wanaojua kazi yao na wanaoifanya mwaka mzima.

Adui ni maji

Mafundi wa barabara wana msemo wao kwamba barabara inahitaji vitu vitatu: kutolewa maji, kutolewa maji, na kutolewa maji. Magari huharibu barabara, lakini maji ndiyo huyaandalia magari njia ya kuiharibu.

Barabara ya udongo au ya changarawe iliyotengenezwa vizuri ina mgongo. Katikati ni juu, pembeni ni chini, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie kwenye mitaro badala ya kutuama. Kwa barabara yenye upana wa mita tano na nusu na mwinamo wa asilimia sita, katikati huwa juu ya ukingo kwa takriban sentimita 16. Ni kimo kidogo tu, lakini kikipotea barabara imekwisha.

Mgongo ukishalika, magurudumu huchimba njia mbili kama reli. Maji hufuata njia hizo badala ya kwenda pembeni. Kwenye tambarare hutuama na kulainisha udongo, na kila gari linalopita linazidi kukoroga tope. Kwenye mteremko hukimbia na kuchimba korongo katikati ya barabara. Mvua mbili au tatu kubwa zinatosha kuigeuza njia ya magari kuwa njia ya mbuzi.

Baada ya mgongo inafuata mitaro. Mtaro wa pembeni unapokea maji ya barabara, na mara nyingi unapokea pia maji yanayoteremka kutoka mashambani. Maji hayo hayatakiwi kukaa mtaroni safari ndefu, kwa sababu kadiri yanavyokwenda ndivyo yanavyoongezeka nguvu. Kwa hiyo kila baada ya umbali fulani huchimbwa mchepuko wa kuyatoa nje, kuelekea kwenye majani au bondeni. Pale ambapo mteremko ni mkali, huwekwa vizuizi vidogo vya mawe au miti ndani ya mtaro ili kuyapunguzia kasi.

Mwisho ni makalavati, yaani mabomba ya zege yanayopitisha maji kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine. Kalavati likiziba kwa mchanga, magogo au mabua, maji hupanda na kupita juu ya barabara. Yakishapita juu, hula kingo za udongo zinazolishikilia, na asubuhi wananchi hukuta bomba likining'inia na barabara imekatika.

Kulizibua kalavati moja ni kazi ya watu wawili au watatu kwa siku moja. Kulijenga upya baada ya kusombwa ni kazi ya mkandarasi, zege, nondo, mchanga, na wiki kadhaa za magari kuzunguka njia nyingine. Hapo ndipo ule usemi wa wahenga, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, unapopata maana yake kamili.

Kalenda ya mwaka mzima

Wananchi wengi hudhani matengenezo ya barabara ni kazi ya kiangazi: greda linakuja, linapita, watoto wanalikimbilia, kisha linaondoka hadi mwaka unaofuata. Ukweli ni kwamba greda ni sehemu moja tu ya kazi, na likija wakati usiofaa linaweza kuleta hasara badala ya faida.

Katika maeneo kama Njombe, Makete na Mufindi, ambako mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kalenda ya kikosi cha barabara hufuata mvua kama vile kalenda ya mkulima.

Mwezi Mei mvua zinapokatika, kazi ya kwanza ni ukaguzi. Fundi sanifu na msimamizi wa kikundi hutembea barabara yote kwa miguu, maana makosa mengi hayaonekani kutoka ndani ya gari. Wanaandika kalavati lililoziba, mtaro uliojaa, ukingo uliobomoka na sehemu korofi zilizokwamisha magari. Orodha hiyo ndiyo msingi wa mpango wa mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi.

Mei na Juni ndio wakati mzuri wa kurudisha mgongo wa barabara kwa greda, kwa sababu udongo bado una unyevu na unashindiliwa ukashika. Kuchonga barabara Septemba, udongo ukiwa mkavu kama unga, bila boza la maji na bila shindilia, ni kukwangua vumbi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mvua ya kwanza ikinyesha, vumbi hilo hugeuka tope na kuishia mtaroni, na barabara hubaki chini kuliko ilivyokuwa.

Julai hadi Oktoba ni miezi ya kazi nzito: kusomba changarawe kwenye sehemu korofi, kujenga makalavati mapya, kutengeneza madaraja madogo na kuchimba mitaro iliyopotea kabisa. Malori hupita bila shida na zege hukauka bila kunyeshewa. Wakulima wengi nao wamekwisha kuvuna mahindi, hivyo vibarua wanapatikana.

Oktoba na mapema Novemba ni wakati wa kufunga hesabu na maji. Kila mtaro unasafishwa, kila mchepuko unazibuliwa na kila kalavati linachunguliwa upande hadi upande. Kama kuna mwezi mmoja ambao kikundi cha barabara hakitakiwi kukosekana kazini, ni huu. Kazi ya siku kumi mwezi Oktoba huokoa kazi ya miezi mitatu baada ya mvua.

Mvua zikianza, kazi haisimami, hubadilika. Kila baada ya mvua kubwa mtu anapita na koleo akitoa magogo na tope kwenye midomo ya makalavati, akifungulia maji yaliyotuama na kujaza mashimo madogo kabla hayajawa makubwa. Shimo halijazwi likiwa na maji. Hutolewa maji na tope kwanza, kingo zake hukatwa wima, kisha changarawe hujazwa kwa tabaka na kushindiliwa. Shimo lililojazwa udongo wa shambani na kuachwa hivyo hudumu hadi lori la kwanza.

Februari hadi Mei majani nayo huja juu. Majani marefu kandoni huziba mitaro, huficha kona na kuwaficha watoto wa shule wanaotembea pembeni. Yanafyekwa, lakini hayang'olewi, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika kingo zisimomonyoke. Kikundi kisichojua tofauti hiyo kinaweza kufanya kazi kwa bidii na kuiharibu barabara kwa bidii hiyo hiyo.

Kisha Mei inarudi na mzunguko unaanza upya.

Nani anashika koleo

Wazee wanaokumbuka enzi za mkoloni bado huita kazi hii PWD, kwa kifupi cha Kiingereza cha Idara ya Kazi za Umma. Ilikuwa kazi ya nyapara na watu wake, wenye kipande chao cha barabara cha kutunza.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika mara kadhaa. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Mwaka 2000 Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianza kusimamia barabara kuu na za mikoa, huku barabara za wilaya zikibaki mikononi mwa halmashauri. Kisha Julai mosi 2017 barabara hizo za wilaya zikahamishiwa kwa chombo kipya, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, maarufu kwa jina la TARURA.

TARURA inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu kubwa yake ni barabara za udongo. Hakuna ofisi ya wilaya, hata ingekuwa na magari na mafuta kiasi gani, inayoweza kuona kila kalavati kila wiki. Anayeliona ni mtu anayeishi hapo.

Ndiyo sababu katika baadhi ya wilaya matengenezo ya kawaida hupewa vikundi vya kijamii vya wananchi wanaoishi kando ya barabara husika. Kikundi husaini mkataba, hupewa kipande cha barabara na orodha ya kazi, na hulipwa kwa kazi iliyopimwa. Chuo cha teknolojia stahiki kilichopo Mbeya, kinachojulikana kama ATTI, kimekuwa kikifundisha ujenzi na matengenezo ya barabara kwa kutumia nguvu kazi.

Mfumo wa aina hii si mgeni Afrika Mashariki. Kenya ilianzisha mwaka 1974 mpango mkubwa wa barabara za vijijini uliojengwa kwa nguvu za mikono, na utunzaji wake ukawekwa mikononi mwa watu waliokaa karibu. Kila mmoja alikabidhiwa kilomita moja hadi mbili na kufanya kazi siku chache kwa wiki, huku siku zilizobaki akilima shamba lake. Ubaya au uzuri wa kipande hicho ulikuwa na mwenyewe, na majirani walimjua kwa jina.

Kwa kina mama na vijana wa vijijini, malipo ya kazi ya barabara yana thamani ya pekee kwa sababu huja miezi ambayo shamba halitoi kitu. Fedha za Oktoba hununua mbolea na mbegu za Novemba. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yakiwamo ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na kazi za barabara ni miongoni mwa kazi ambazo makundi hayo yanaweza kuziomba.

Hata hivyo, njia ya kuzipata imebadilika. Tangu Oktoba 2023 zabuni za Serikali hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kikundi kisichosajiliwa kwa maofisa maendeleo ya jamii, kisicho na akaunti ya benki na kisicho na mtu anayejua kutumia mfumo huo hakiwezi kuomba, hata kama wanachama wake ndio mafundi hodari kuliko wote wilayani.

Tatizo jingine ni malipo. Mkandarasi mkubwa anaweza kusubiri miezi miwili kwa sababu ana mtaji. Kibarua hawezi. Malipo yakichelewa, wanachama hurudi mashambani, mtaro huachwa nusu, na mvua haingoji hati ya malipo isainiwe. Vikundi vinavyodumu ni vile vinavyoweka akiba ya kila malipo, vinavyotunza daftari la mahudhurio, na vinavyomwita fundi sanifu kupima kazi mara inapokamilika.

Hesabu ya gunia

Faida ya mtaro safi haionekani kwa macho ya haraka, lakini inaingia moja kwa moja kwenye bei ya gunia.

Chukua mfano wa hesabu tu. Kenta inabeba magunia 40 ya viazi. Barabara ikiwa mbaya, mwenye gari anaongeza Sh80,000 kwenye nauli yake, kwa sababu atatumia mafuta mengi, ataharibu springi na huenda akalala njiani. Nyongeza hiyo ni Sh2,000 kwa kila gunia. Mnunuzi hailipi. Anaikata kwenye bei ya shambani, na mkulima mwenye magunia 60 amekwisha kupoteza Sh120,000 kabla hajapanda gari.

Hiyo ni pale gari linapokubali kufika. Likikataa, mkulima hulazimika kusomba magunia kwa bodaboda au kwa mkokoteni hadi barabara nzuri, kila gunia kwa malipo yake. Anafika hapo viazi vikiwa vimechubuka, na mnunuzi anajua kabisa kwamba mkulima huyo hana uwezo wa kuvirudisha nyumbani. Hapo ndipo lumbesa inapozaliwa. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia, lakini mkulima aliyekwama na mzigo kando ya tope hana nguvu ya kubishana kuhusu kilo.

Barabara mbaya pia hupunguza idadi ya wanunuzi. Kijiji kinachofikika na malori kumi huwa na ushindani wa bei. Kijiji kinachofikika na lori moja lenye dereva jasiri huwa na bei ya huyo mmoja.

Hasara inakwenda pande zote mbili. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia husafirishwa kwenda vijijini miezi ya Novemba hadi Februari, wakati barabara ziko hatarini zaidi. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima, lakini ruzuku inayoishia kwa wakala wa mjini, na mfuko ukaongezewa nauli ya bodaboda kilomita 15, imeliwa na barabara kabla haijafika shambani.

Kwa wakulima wa parachichi, zao ambalo limeshika kasi Njombe na Rungwe katika miaka ya karibuni, mashimo yana hasara ya aina yake. Tunda linaloonekana zima kwa nje linaweza kuwa limechubuka ndani kwa kutikiswa njiani, na kasoro hiyo hugundulika likiwa limekwisha kuiva mbele ya mteja.

Na si mazao peke yake. Barabara hiyo hiyo humpeleka mama mjamzito hospitali, mwalimu shuleni na dawa kwenye zahanati. Hizo hazina bei kwenye mizani ya gunia.

Fedha zinatoka wapi

Kila anayenunua petroli au dizeli nchini, akiwamo mwendesha bodaboda wa kijijini, huchangia matengenezo ya barabara. Tozo inayokatwa kwenye kila lita huingia Mfuko wa Barabara, na angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko huo inatakiwa kwenda kwenye matengenezo. Mwaka 2021 Serikali iliongeza Sh100 kwenye kila lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, na bajeti ya wakala huo ikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Pamoja na nyongeza hiyo, mahitaji bado ni makubwa kuliko fedha, na hapa ndipo uamuzi mgumu unapofanyika. Fedha za wilaya hugawanywa katika matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi na ya madaraja na makalavati. Barabara mpya ina mvuto kwa sababu inafunguliwa kwa ngoma na hotuba, wakati mtaro uliosafishwa haukatiwi utepe. Shinikizo la kila diwani na kila mbunge ni kupata kilomita mpya katika eneo lake.

Lakini takwimu zinasema vingine. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 1988 kuhusu kuchakaa kwa barabara katika nchi 85 zinazoendelea ilionyesha kwamba ujenzi upya wa barabara uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 40 hadi 45 ungeweza kuepukwa kwa matengenezo ya wakati yasiyofikia dola bilioni 12. Kwa lugha nyepesi, kila shilingi moja iliyobaniwa kwenye matengenezo iligeuka deni la zaidi ya shilingi tatu.

Hesabu hiyo inaonekana hata kwenye changarawe. Kilomita moja yenye upana wa mita tano, ikiwekwa changarawe ya unene wa sentimita 15, hubeba meta za ujazo 750, yaani zaidi ya tripu 100 za lori la meta saba. Ikipoteza sentimita tatu kwa mwaka kwa vumbi, mvua na magurudumu, meta za ujazo 150 zimekwenda, na baada ya miaka mitano hakuna kitu. Mitaro ikiwa safi na mgongo ukitunzwa, changarawe hukaa muda mrefu zaidi. Vikiachwa, mvua za msimu mmoja tu zinaweza kuisomba yote.

Hali ya hewa nayo haisaidii. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na kisha kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, ziliharibu barabara na madaraja katika mikoa mingi. Fedha za dharura hupelekwa kwanza pale palipokatika, na barabara ya kijiji iliyokuwa bado inapitika husubiri zamu yake, ikizidi kuchakaa.

Uzito unaoua barabara

Kuna adui mwingine ambaye kikundi cha barabara hakiwezi kumshinda kwa koleo. Huyo ni lori lililojazwa kupita kiasi, hasa la mbao au la viazi, linaloingia kwenye udongo uliolowa.

Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyoongezwa uzito mara mbili huharibu barabara kiasi cha mara 16. Ekseli ya tani 10 huumiza barabara karibu mara mbili na nusu zaidi ya ile ya tani nane. Majaribio hayo yalifanyika kwenye barabara za lami na zege. Udongo uliolowa hauna hata uvumilivu huo.

Barabara nyingi za wilaya zina ukomo wa tani 10, na mabango yake yapo. Lakini bango halina mikono. Lori linaloingia usiku kuchukua mbao baada ya mvua kubwa linaweza kufuta kazi ya kikundi ya mwaka mzima kwa safari moja, na gharama hailipwi na mwenye mbao. Inalipwa na mkulima wa viazi anayefuata nyuma.

Baadhi ya vijiji huweka kizuizi cha mti kwenye barabara wakati wa mvua kubwa na kukifungua udongo ukishakauka kidogo. Ni hatua inayohitaji makubaliano na ofisi ya wilaya, na inawaudhi wafanyabiashara, lakini saa chache za kusubiri ni nafuu kuliko mwezi mzima wa barabara iliyochimbika.

Maji ya barabara, maji ya shamba

Mkulima mwenyewe naye ana sehemu yake, tena si ndogo. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni manne.

La kwanza ni kulima hadi kwenye mdomo wa mtaro. Udongo uliolegezwa kwa jembe huteremka na mvua ya kwanza na kuujaza mtaro uliosafishwa Oktoba. Ukanda wa majani wa mita moja au mbili kati ya shamba na mtaro unatosha kuuzuia.

La pili ni kufukia mtaro ili gari au mkokoteni uingie nyumbani au shambani. Maji yakifika hapo hukosa njia na kupanda barabarani. Kivuko cha bomba dogo au cha mawe yaliyopangwa vizuri ni gharama ya mara moja, na jirani wa chini hatakuwa na sababu ya kugombana na wa juu.

La tatu ni kuelekeza maji ya shamba barabarani. Matuta ya shamba la mlimani yakielekea chini kwa chini, kila tuta hugeuka mfereji unaomwaga barabarani. Matuta ya kukinga mteremko huhifadhi unyevu na udongo shambani na kuiokoa barabara kwa wakati mmoja.

La nne ni kuziba michepuko kwa kuogopa kwamba maji ya barabara yataharibu mazao. Hofu hiyo ni ya kweli pale maji yanapomwagwa kwa nguvu katikati ya shamba bila makubaliano. Lakini yakipangwa, ni mali. Katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, wakulima wamekuwa wakipokea maji ya barabarani na kuyaingiza kwenye makinga maji, mashimo ya migomba na mabwawa madogo. Maji yaliyokuwa yakikata barabara sasa yanakuza ndizi na maembe.

Mambo hayo manne yanaweza kumalizwa na mkutano mmoja wa kijiji na sheria ndogo inayosimamiwa kweli. Vyama vya ushirika vya msingi vinavyokusanya chai, kahawa au parachichi vina sababu ya kuwa mstari wa mbele, maana gari la kukusanya mazao likikwama, hasara ni ya wanachama wote.

Ofisi ya TARURA ya wilaya hupanga mpango wake wa mwaka kabla ya bajeti kupitishwa, na sehemu korofi iliyoandikwa vizuri, ikitajwa jina la barabara, mahali ilipo na aina ya uharibifu, ina nafasi kubwa ya kuonekana kuliko malalamiko ya jumla kwamba barabara ni mbovu. Kijiji kinachotaka kuvuna bila hofu Machi ijayo kinatakiwa kutembea barabara yake kwa miguu Mei hii, mvua zikikatika, kikiwa na daftari mkononi. Na ifikapo Oktoba kiangalie kama kuna mtu mwenye koleo kwenye mdomo wa kila kalavati. Kama hayupo, bado kuna wiki chache za kuuliza kwa nini.